Kiu ya Taa ya Tano

"Mama Shamimu, hivi huo mshale wa mita yako unajua kudanganya?"

Jirani yangu Mwantumu aliniuliza hivyo siku za amani, tumekaa barazani kwangu tunachambua mlenda. Mumewe Hashimu alikuwa zamu chini ya ardhi, kwenye handaki la maji tunaloliita Mshipa wa Tatu, naye Mwantumu hakuwa na wasiwasi wowote, alikuwa ananichokoza tu. Nikamjibu kwamba mshale hauna mdomo, utadanganya kwa kipi? Tukacheka, tukaendelea na mboga zetu.

Kisha Mshipa wa Tatu ukaporomoka katikati. Hashimu akabaki ng'ambo ya kifusi, na Mwantumu akahamia kwenye chumba changu cha mita na mkeka wake. Vijana walikuwa wakichimba kwa kupokezana, lakini mwamba wa mji wetu wa Kolo Mpya si udongo wa shamba. Wakitoa jiwe moja, mawili yanashuka.

"Umesogea?" aliniuliza mchana ule, kama alivyokuwa akiniuliza kila mara.

"Uko palepale. Taa nne."

"Nne tu?"

"Nne tu, mdogo wangu. Subiri adhana."

Kule chini, kwenye chumba cha mtu wa zamu, kuna ubao wenye vitaa vitano vya LED. Cha kwanza kinawaka maji yakiwepo, cha pili mlango wa maji ukifungwa, cha tatu ni cha joto, cha nne ni cha hewa. Cha tano ni cha sala. Mtu wa zamu akitaka kusali hubonyeza swichi, kitaa kinawaka, na sisi wa juu tunajua tusimpigie simu mpaka akizime. Nyaya zinazoleta habari kwenye ubao ni nyonge, haziwezi kuwasha hata kitaa kimoja. Ndiyo maana kila habari inapitia kwanza kwenye chipu nyeusi, ndogo kama kunguni aliyeshiba, ambayo mafundi huiita bafa. Kazi yake ni kupokea neno la mnyonge na kulisema kwa sauti.

Kifusi kilikata simu na nyaya zote za habari. Vilibaki vitu viwili tu: bomba la hewa, lenye mapindo mengi kiasi kwamba sauti haipiti, na waya unaopeleka umeme kwenye ule ubao. Kwa hiyo vitaa hatukuviona tena, tuliona vinavyokunywa. Kila kitaa kikiwaka kinakunywa kama miliampia nane za umeme, na mita yangu inaonyesha jumla. Taa nne, mshale unakaa thelathini na mbili. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kuusoma kabla hajaniachia kiti hiki. Alikuwa akisema uusikilize kama unavyosikiliza pumzi za mtoto aliyelala.

Lakini hizo nne haziulizi mtu yupo au hayupo. Maji yapo, joto lipo. Zingewaka hata kwa maiti. Ni ya tano tu inayotaka kidole cha mtu hai.

Mwadhini akaadhini. Mashine ya kusaga ikanyamaza, msumeno wa seremala ukanyamaza, mtaa wote ukatulia kama ilivyo desturi yetu. Hapa Kolo Mpya hakuna kinachozunguka wakati wa sala isipokuwa feni za hewa. Na mshale ukaanza kupanda. Thelathini na tano. Thelathini na saba. Ukasimama kwenye thelathini na nane.

"Anasali!" Mwantumu akashuka chini akasujudu pale pale kwenye mkeka. "Anasali, Mama Shamimu. Alhamdulillahi. Yuko hai anasali!"

Nami nilitaka kuamini, sisemi uongo. Ila taa nzima ni nane. Mshale ungefika arobaini. Kwa nini haukufika?

Watu walipotoka msikitini mashine zikanguruma tena, na mshale ukashuka ukarudi palepale kwenye thelathini na mbili. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya adhuhuri na alasiri zote tangu kifusi kianguke. Usiku mshale ulikuwa hausomeki, betri zikishaanza kuchoka unacheza kama mlevi. Na alfajiri haukupanda kamwe. Niliwahi kumwambia Mwantumu kuhusu hiyo alfajiri, nikidhani atashtuka.

Akaona haya, akaangalia pembeni. "Hashimu ni mzito wa kuamka, dada. Alfajiri mpaka mimi nimmwagie maji."

*

Binti yangu alipanda kutoka zamu saa ile ile. Shamimu ndiye mtu wa zamu wa Mshipa wa Nne, na Mshipa wa Nne ndio unaotuletea maji Kolo Mpya nzima tangu wa Tatu uporomoke. Aliingia akiegemea ukuta. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Shikamoo mama. Shikamoo dada Mwantumu."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula hewa kidogo. Tamu, ila wamepunja." Akacheka, kisha akashika kichwa. "Feni ya kwetu inazunguka kama imefiwa."

Mwantumu akajifanya anatandika mkeka uliokwisha kutandikwa. Sote watatu tulijua. Msimu ule vumbi lilikuwa limefunika jua, paneli hazijazi betri, na betri haziwezi kubeba feni mbili kwa nguvu zote. Ili feni ya Tatu iendelee kumpelekea Hashimu hewa, feni ya Nne ilikuwa imepunguzwa nusu. Nusu hiyo ndiyo mwanangu alikuwa anaivuta.

"Kamati ya maji inakuja hapa baada ya alasiri," Shamimu akasema. "Bi Mkiwa amesema leo wanakata shauri kabla jua halijazama. Feni moja au mbili."

"Watakata shauri kwa lipi?" Mwantumu akauliza.

"Kwa kauli ya mwangalizi wa mita." Shamimu akaniangalia, mara moja tu, halafu akajilaza kwenye benchi akafumba macho.

*

Fundi Nasoro alitumwa na kamati aje apime. Ni kijana mpole aliyesomea umeme chuoni, na hapendi kusema jambo kabla hajalijaribu kwa vidole vyake. Alikuja na kisanduku, akaniwekea mezani ubao mdogo aliouunda kwa mfano wa ule wa chini: chipu ya bafa, vitaa vitano, rezista zake za kupunguza umeme, na betri ya namna ileile. Mwantumu alikuwa amekwenda kwake kukoroga uji.

"Tuanze na karatasi, mama," akasema. "Betri volti tano. Kitaa chenyewe kinajichukulia mbili. Zinabaki tatu zinazopita kwenye rezista. Ukigawa, unapata tisa kwa kila kitaa."

"Mita yangu haijawahi kusema tisa. Inasema nane."

"Ni kweli, maana bafa naye anaonja njiani. Karatasi haimhesabu." Akawasha kitaa kimoja. Mita yake ndogo ikaonyesha nane na kitu. Akawasha cha pili, cha tatu, cha nne: thelathini na mbili. "Sasa tazama cha tano."

Akakiwasha. Thelathini na nane.

Nikashika meza. "Haikufika arobaini!"

"Haiwezi kufika. Chipu moja ina kiasi chake inachoweza kutoa. Ni kama punda. Gunia moja anatembea nalo, mawili anatembea, ukimwekea la tano anaanza kuburura miguu. Kila taa inapunguziwa kidogo."

Shamimu alikuwa ameketi kwenye benchi, anasikiliza. Nikasema, "Basi Hashimu yupo! Thelathini na nane ndiyo hiyo hiyo ninayoiona."

Nasoro alikuwa anautazama mshale wangu mkubwa ukutani, kisha dirisha, kisha mshale tena. Akatoka nje akapiga kelele kwa mwenye mashine ya kusaga: "Zima! Na wewe seremala, zima kidogo! Zimeni zote!"

"Kuna msiba?" sauti ikauliza.

"Kuna kipimo. Zima!"

Mtaa ukanyamaza. Haukuwa wakati wa sala yoyote. Na mshale wangu, mbele ya macho yangu haya, ukapanda taratibu hadi thelathini na sita.

Nilikaa kitako. "Nini hiki, Nasoro?"

"Ni sisi." Aliongea polepole, kama mtu anayechomoa mwiba. "Mashine zikizimwa, betri inapata nafuu, volti inapanda. Ule ubao wa chini haukufungwa stebilaiza ya kutuliza volti, hatukuwa nayo. Volti ikipanda, taa zilezile nne zinakunywa zaidi. Tunazima mashine ili tukasali, mshale unapanda, tunasema Hashimu anasali."

"Kwa hiyo tuliyekuwa tunamwona ni sisi wenyewe? Ndiyo maana alfajiri, mashine zikiwa zimelala, haupandi?"

"Huenda."

"Huenda maana yake nini? Wakati wa sala ni thelathini na nane. Sasa hivi ni thelathini na sita. Hizo mbili ni za nani?"

Alijikuna kisogo. "Sijui, mama. Adhuhuri jua lilikuwa wazi, sasa kuna vumbi, labda ni hilo. Au labda kitaa cha tano kinawaka kinyonge kwa sababu maji yameingia kwenye chipu. Hakuna kitaa chenye kiwango alichokiweka Mungu. Kikipata joto kinabadilika, kikizeeka kinabadilika. Makisio yangu yana kosa la kama miliampia mbili, huku au kule."

"Na mtu mzima amekaa ndani ya kosa lako."

"Ndiyo," akasema. "Amekaa humo."

Mwantumu akaingia na bakuli la uji. Alitutazama nyuso zetu, akaliweka chini. Ilinibidi nimwambie mimi, maana Nasoro alikuwa amegeuka jiwe. Nikamwambia yote, punda na magunia, mashine na volti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo unaniambia," akasema, "mume wangu ni mashine ya kusaga."

"Sikusema hivyo."

"Umesema nimekuwa nikimsujudia Mungu kwa kumshukuru kwa ajili ya mashine ya kusaga."

Nasoro akajitosa. "Dada, kuna njia. Alasiri hii mashine zisizimwe. Mshale ukipanda wakati mashine zinanguruma, basi ni yeye."

Mashine zingurume wakati wa sala! Nilihisi kama mtu amesema tule mchana wa Ramadhani. Lakini Mwantumu alikwisha kutoka kwenda kumshika mwenye mashine, na imamu alipoulizwa alisema roho ya mtu ina haki kuliko utulivu wa mtaa, yeye atasalisha hivyo hivyo.

*

Sikuwahi kusikia adhana namna ile, mwadhini akishindana na mashine. Nilikaa mbele ya mita. Mwantumu alisimama nyuma yangu, pumzi zake kisogoni kwangu. Nasoro upande mmoja, Shamimu upande mwingine.

Thelathini na mbili.

Thelathini na mbili.

"Panda," Mwantumu akanong'ona. "Hashimu, bonyeza basi. Bonyeza, mume wangu."

Ukapanda. Thelathini na nne. Mwantumu akanishika bega mpaka kucha zikaingia. Kisha chumba kikaingia giza la rangi ya udongo, na upepo ukapiga bati. Vumbi. Wingu zima la vumbi lilipita juu ya paneli zetu, na mshale ukashuka thelathini, ukapanda thelathini na tatu, ukashuka tena, ukawa unatetemeka tu. Tulipoanza kuona tena, watu walikuwa wanatoka msikitini.

"Umepanda," alisema Mwantumu.

"Umeshuka," alisema Shamimu, kwa sauti ya chini.

Nasoro alisema, "Volti ilikuwa inashuka kwa vumbi. Kama kitaa kiliwaka, vumbi limekifuta. Kama hakikuwaka, ingeonekana hivi hivi."

"Turudie kesho adhuhuri," nikasema.

"Hakuna kesho adhuhuri, mama," Nasoro akajibu. "Betri hazifiki kesho na feni mbili."

Niliwaacha wakibishana, nikasali alasiri yangu pale kona. Nilipofika kwenye sijda nilijikuta sijui ninaomba nini. Nikiomba awe hai, ninaombea nusu ya hewa ya mwanangu. Nikiomba jambo hili liishe, ninamwombea Hashimu nini? Nikabaki nimeweka paji chini, sina maneno, nikimwachia Mwenyewe achague.

*

Bi Mkiwa, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliwahi kuwa muuguzi, na bado anaingia chumbani kama anayekuja kumpima mtu homa. Alikuja na wajumbe wawili ambao walisimama mlangoni. Alimshika Mwantumu mkono kwanza, akampa pole. Kisha akanigeukia.

"Mama Shamimu, unajua utaratibu. Kama tunavyoupokea mwezi wa Ramadhani. Mtu mwaminifu akisema ameuona, tunafunga. Asipouona mtu, tunakamilisha hesabu. Umemwona Hashimu kwenye mita au hujamwona?"

"Asiulizwe huyu!" Mwantumu akasema. "Nampenda dada yangu huyu, nimelala humu ndani kwake. Lakini mwanawe ndiye anayevuta hewa ya Nne. Shahidi mwenye lake si shahidi."

"Ni kweli," nikasema. "Mniondoe. Aulizwe fundi."

"Fundi nimemuuliza," Bi Mkiwa akajibu. "Kanipa namba tatu na 'labda' nne. Mimi si mtu mbaya, jamani. Nina betri zinazokufa, na nina mji unaokunywa kutoka handaki moja. Nipe neno moja. Umeona au hujaona?"

"Nimeona mshale ukipanda. Mtu sikumwona."

"Hiyo si kauli."

"Ndiyo niliyo nayo."

"Basi nitaiandika kama hujaona, na feni ya Tatu itazimwa jioni hii."

Mwantumu hakulia. Alikaa chini kwenye mkeka wake na kuanza kukunja kingo zake, taratibu, kama mtu anayefunga safari. Na hapo ndipo lilinijia jambo la chuo cha Kurani, la utotoni, wala sikulitafuta. Mwalimu wetu alikuwa akitufundisha udhu. Ukiwa na hakika umetawadha, kisha ukaingiwa na shaka kama umetengukwa, udhu wako uko palepale. Hakika haiondolewi na shaka.

Nikalisema. Nikasema, "Tuna hakika alishuka akiwa hai. Waya haujatuambia amekufa, na mimi sina macho ya kusema amekufa. Tulicho nacho ni shaka tu. Kwa shaka, hewa ya mtu haifungwi."

Nasoro alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Na wa Nne?" akauliza Bi Mkiwa. "Wao hakika yao iko wapi? Nilimpima binti yako jana. Mapigo ya moyo yanakimbia. Huo si udhu, Mama Shamimu, hayo ni mapafu. Kwa hao sina shaka hata kidogo."

Ningependa kuandika kwamba kuna aya au hadithi iliyonijia, lakini hakuna kilichonijia.

"Nitashuka mimi badala yake," nikasema mwisho. "Nivute mimi hiyo nusu."

"Kwa magoti hayo? Gurudumu la mlango wa maji linamshinda mwanamume mzima. Alifunzwa Shamimu na alifunzwa Hashimu. Hakuna wa tatu."

Nje seremala alikuwa amerudia msumeno wake, na mshale ulikuwa umetulia thelathini na mbili, kama haujawahi kusogea tangu kuumbwa kwa dunia.

"Kauli yako, Mama Shamimu."

"Feni zote mbili ziendelee," nikasema. "Mpaka kifusi kifunguke. Kauli yangu ni kwamba yupo, mpaka nijue hayupo."

Bi Mkiwa alivuta pumzi ndefu. "Imepokelewa," akasema, maana utaratibu ni utaratibu. "Nne ibaki nusu. Kuanzia sasa tutazima mashine zote ili betri zipumue. Mungu atusamehe kama tumekosea, na kama tumepatia pia." Akawaambia wajumbe wakamwarifu mtu wa feni.

Mwantumu aliuinua uso, akanitazama kama asiyenijua. Alitaka kunishika mkono, nami nikaurudisha, sijui kwa nini. Sikutaka shukrani.

Shamimu alikuwa ameinuka kwenye benchi. Ilikuwa saa ya zamu yake kushuka tena. Alikuja mpaka karibu nami, akanisemesha kwa sauti ambayo wengine hawakupaswa kuisikia, ingawa chumba kilikuwa kidogo na wote waliisikia.

"Mama, umesema hivyo kwa sababu unaamini yupo? Au kwa sababu unaogopa watu watasema umenichagua mimi?"

Niliitafuta kweli moyoni, kwa haki ya Mungu niliitafuta. Niliona mshale, niliona sijda yangu isiyo na maneno, niliona kucha za Mwantumu begani kwangu.

"Sijui, mwanangu."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akainua helmeti yake, akaivaa juu ya mtandio, akafunga kamba chini ya kidevu. Nikanyoosha mkono nimsaidie, lakini alikuwa amekwisha kukifunga. Akapita kati yangu na Mwantumu, akafungua mlango, akatoka kwenda zamu bila kusema neno jingine.